Mama Alipokatazwa Migebuka

Siku niliyojua kwamba mama yangu hali tena samaki, nilikuwa nimembebea migebuka wa kukaangwa kutoka Kigoma. Nilikuwa narudi Kibondo, kwenye maabara ya hospitali ninakofanya kazi, nikaona nipite kwanza kijijini kwetu, upande wa Muyama. Mama alipokea mfuko, akaunusa, akaufunga tena.

“Wape watoto wa jirani,” alisema. “Mimi nina aleji.”

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikamtazama vizuri. Mifupa ya mabega ilikuwa imejitokeza, na kitenge alichokuwa akikifunga mara moja sasa kilimzunguka mara mbili.

Aliniambia kwamba tangu msimu wa maharage mwili ulikuwa unamuwasha, hasa kiunoni na mapajani. Muwasho ulikuja, ukapotea, ukarudi. Alikwenda kwenye duka la dawa, akaambiwa ni aleji ya chakula, aache samaki, mayai na maharage. Mtu wa Uha ukimwondolea maharage na samaki umemwachia nini? Alibaki na ugali wa muhogo na mchicha. Alitii, kwa sababu mama ni mtu wa kutii akishaamua kumwamini mtu. Muwasho haukutii.

“Hii nimeipata kwako,” alisema, bila lawama. “Wewe ulitoka nayo mjini.”

Aleji naijua, ni kweli. Nilikulia hapa nikitembea pekupeku, nikila vumbi la mahindi, na sikuwahi kupiga chafya isiyo na sababu. Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam ndipo kifua kilipoanza kubana, nikajua neno pumu kwa mwili wangu mwenyewe. Mdogo wangu wa kike, aliyebaki kijijini, hajawahi kuhitaji pampu ya pumu. Mama alikuwa ameyaunganisha hayo yote kwa akili yake, na kwa mtu asiyewahi kuingia darasani, alikuwa ameunganisha vizuri. Alikosea jambo moja tu: aleji haiambukizwi.

“Nionyeshe mahali panapowasha,” nilimwambia.

Tuliingia ndani. Juu ya nyonga palikuwa na mstari mwekundu ulioinuka, kama alama ya fimbo. Alisema asubuhi mstari huo ulikuwa chini zaidi, karibu na paja. Hapo moyo wangu ulitulia, jambo ambalo huenda litamshangaza msomaji. Nimeona aleji nyingi. Vipele vya aleji hutokea hapa na pale, vinavimba, vinanywea. Sijawahi kuona vikisafiri kama mtu anayefuata njia; kinachosafiri hivyo huwa ni kitu hai, na kina dawa.

Nikaomba kuona dawa. Alitoa vidonge vidogo vyeupe kutoka kwenye pakiti mpya. Pakiti ya kwanza alikuwa ameimaliza, muwasho ukapoa, kisha ukarudi na nguvu zaidi pamoja na tumbo kuuma. Kwa hiyo alikuwa amepewa nyingine ya siku nyingi zaidi. Nilivitambua. Ni dawa ya jamii ya steroidi, inayotuliza kinga ya mwili. Mimi mwenyewe nimewahi kuinywa pumu iliponizidi.

“Hii ya pili umeshaianza?”

“Jana kimoja.”

“Usimeze kingine, mama. Twende wote Kibondo, daktari aione.”

“Mwenye duka si mjinga,” alisema.

“Si mjinga. Hata mimi ningeona mtu anajikuna ningewaza aleji. Lakini dawa hii inawalaza walinzi wa nyumba. Kwanza tujue kama ndani mna mwizi.”

Alikwenda kutafuta sweta lake la safari.

Nilimtoa damu mimi mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine amguse. Nilipoweka kioo chini ya hadubini niliona eosinofili nyingi, seli nyeupe zilizojaa chembe za rangi ya chungwa, zimetapakaa kama maua ya maboga bondeni. Mtu wa kawaida huwa nazo chache. Mwenye aleji huwa nazo nyingi, na mwenye minyoo huwa nazo nyingi vilevile. Darasani tulifundishwa kwamba seli hizo, na kingamwili zinazofanya kazi nazo, ni jeshi lililozoezwa tangu kale kupigana na minyoo. Aleji ni jeshi hilohilo likipigana na kitu kisicho adui: vumbi, chavua, samaki. Kwa hiyo kioo kile peke yake hakikunipa jibu. Kiliniambia tu kwamba vita vipo.

Jibu lilikuwa kwenye choo. Mama aliona aibu kunikabidhi kikopo, akakifunika kwa leso. Sampuli ya kwanza haikuonyesha kitu, na sikushtuka, kwa kuwa minyoo niliyokuwa naishuku haionekani kirahisi. Ni myembamba kuliko uzi, huishi kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi na huingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo, na tofauti na wenzake, huweza kuzaliana humohumo ndani ya mtu kwa miaka. Kinga ya mwili ndiyo inayoibana isizidi. Ukiilaza kinga kwa vidonge, minyoo hufunguliwa mlango, na watu wamekufa hivyo wakitibiwa pumu au aleji.

Sampuli iliyofuata niliitayarisha kwa njia nyingine, ile ya kuwaacha viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, washuke wenyewe kwenye maji ya vuguvugu. Nilipochungulia, walikuwepo, wanajipinda kwa haraka. Nilimwita daktari wetu, mama mmoja mtulivu kutoka Mbeya. Aliinama, akatazama, akasema, “Ndio hao. Vile vidonge umemzuia?”

“Tangu juzi.”

“Umefanya vema.” Akaandika dawa palepale.

Nilimwita mama naye achungulie. Hakujua afumbe jicho gani, nikamfunika moja kwa kiganja. Alikaa pale muda mrefu.

“Hawa ndio wamekuwa wakila nami?”

“Hao.”

“Na mimi nikajinyima maharage kwa ajili yao,” alisema, kwa hasira ya kweli.

Dawa aliyopewa ni ileile ambayo vijiji vingi hugawiwa kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaopofusha macho. Alimeza mbele ya daktari, akarudia kama alivyoelekezwa. Muwasho ulizidi kidogo kwanza, kisha ukaisha. Alikaa kwangu Kibondo mpaka nyama ziliporudi mwilini, akila kila kitu, akilalamika tu kwamba maharage ya sokoni hayaivi kama ya Muyama.

Niliporudi naye kijijini, mdogo wangu alikuwa na swali lililomsumbua. Alikuwa amesikia redioni kwamba watu wenye minyoo hawapati aleji, na shule ya mwanawe ilikuwa inakaribia kugawa dawa za minyoo.

“Sasa, dada, tukiwatoa minyoo si watakuwa kama wewe, kifua kinabana?”

Halikuwa swali la kipuuzi, nami sikulijibu kipuuzi. Nilimwambia kwamba wataalamu wamelichunguza jambo hilo katika nchi nyingi. Baadhi ya minyoo hujua kuutuliza mwili usipigane sana, ili wakae salama, na utulivu huo unaweza kupunguza aleji. Lakini wapo minyoo wengine wanaoelekea kuongeza pumu. Watu wamejaribu hata kujitia minyoo makusudi watibu aleji, na hawajapata cha kujivunia.

“Ila damu wanayoinywa minyoo wa safura ni ya kweli,” nilisema. “Mtoto anadumaa kweli, anasinzia darasani kweli. Mimi pumu yangu ina dawa, naijua na inanijua. Mpe mtoto kidonge.”

“Basi atameza,” alisema.

Mama alikuwa akisikiliza huku akichambua mchele. Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya akina mama wanaolima naye bondeni, ambako hakuna choo na kila mtu hujisaidia migombani. Aliwaeleza habari ya mstari unaotembea, ya kioo na ya wale wanaojipinda. Wengine walitazama chini. Mmoja, mama aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana na sasa ni raia mwenzetu, alisema naye anawashwa hivyohivyo na amekuwa akijipaka majivu.

“Kesho utapanda gari na binti yangu,” mama alimwambia. “Na nyinyi mliobaki, Jumanne tukutane bondeni na majembe. Tunachimba choo.”

Walichimba. Udongo wa kule ni laini, na walikuwa wengi.