Rejime ya njaa ilinifanya nimfokee mama mkimbizi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi, na hasira bado ninayo.

Naishi Mabanga, hapa Goma. Ni mama mnene tangu usichana, na kwetu Butembo hakuna aliyewahi kunisema.

Vita ilipowafukuza watu wa Rutshuru, nilipata kazi kwenye kambi moja. Kuita majina kwenye lisiti, ile orodha ya wakimbizi, na kugawa uji wa watoto.

Siku ya kwanza tu, shefu wetu, mkubwa wa kazi, akasema mbele ya wote, "Mama, usisimame karibu na sufuria. Watu watajua uji wao unaishia wapi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Kesho yake nikaanza rejime, kujinyima chakula ili nipungue. Chai bila sukari asubuhi, sombe kidogo jioni, yale majani ya muhogo, basi. Alfajiri nakimbia juu ya mawe ya volkano, magoti yanalia.

Wiki ya kwanza nilijiona shujaa.

Wiki ya tatu, mume wangu ananiuliza ufunguo uko wapi, naangua kilio. Nasoma mstari mmoja mara tatu, hauingii kichwani. Nawaza chakula tu.

Na ungemwambia nani una njaa ya kujitakia, katikati ya watu waliokimbia risasi mikono mitupu?

Basi akaja Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kiwanja, ana watoto watatu. Sikuwa nimeita jina lake. Alipouliza, nikamfokea, "Jina lako halipo, toka hapa."

Akaondoka. Watoto wake hawakupata uji siku ile.

Asubuhi iliyofuata akarudi, sauti ya chini kabisa.

"Mama, njaa yangu imeletwa na vita. Weye nakuona haukulake kitu siku muzima. Yako nani amekuletea?"

Nikachukua karatasi. Jina lake lilikuwepo, katikati ya ukurasa. Nililiruka kwa macho yangu haya.

Nilimwomba msamaha, nikawapakulia watoto wake kwanza. Kisha nikamfuata shefu. Nikamwambia mbele ya walewale waliocheka, "Mwili wangu usiuseme tena."

Akatazama simu yake. Hajaomba radhi mpaka leo.

Nikarudia kula bukari, ugali wetu, na maharagi yangu. Mazoezi sikuacha, ila badala ya kukimbia natembea na Mama Furaha kila asubuhi. Anasema kukaa tu kambini kunamjaza mawazo.

Baada ya mwezi nalala vizuri, kichwa chepesi, simfokei mtu ovyo. Kilo? Sketi imelegea kidogo tu, na sijali.

Nilichojifunza: kutembea kulinirudishia akili, kujinyima kuliniibia. Na waliolipia utani wa yule bwana ni watoto watatu wa mtu mwingine.

Akina mama mliopitia haya, tuambiane hapa. Na nyinyi mnaowatania wake na dada zenu wakiwa na sahani mkononi, andikeni pia. Mlipata faida gani?