Winga ya Kulia

Kinyozi alikuwa mashoto wa kila kitu: mkasi, kijiko, hata ngumi alizorusha utotoni. Mguuni ndiyo usiseme. Timu ya mtaa aliichezea winga ya kushoto mpaka jina la Mashoto likamganda, na mkewe naye akawa anamwita hivyo hivyo. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Kisha akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, kutafuta kazi, akatandikiwa godoro sebuleni. Kijana mpole, mwepesi wa kuosha vyombo, na mguu wake wa kulia ulikuwa balaa. Kocha, fundi baiskeli asiyeishiwa mawazo, alimwona mazoezini mara moja tu, akampanga kushoto. Kinyozi akahamishiwa kulia.

"Kocha, mguu ndio unaochagua upande," alilalamika. "Mimi hata mkasi wa mkono wa kulia haunikubali."

"Ukiwa kushoto unakimbia mpaka kwenye kona, unapiga krosi, basi," kocha akamjibu. "Nikiwageuza, kila mmoja anaingia ndani na mguu wake mzito, anapiga golini."

Saluni wateja hawakumwacha apumue. "Wamekupeleka kulia? Basi kalie huko huko!" Alicheka nao, wembe mkononi, roho ikimuuma. Alimwonea wivu yule kijana, wivu hasa, wa kumfanya achungulie hata vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzake.

Siku ya mechi, shemeji alipokea mpira kushoto, akamhadaa beki, akaingia ndani, akaachia shuti. Goli! Watu wakaruka: "Mashoto! Mashoto!" Kinyozi alikuwa ameshainua mkono kuwapungia kabla hajang'amua kwamba haitwi yeye. Kijana ambaye hata kuchana nywele kwa kushoto hawezi! Mkewe naye, pale pembeni, alikuwa akilitaja jina hilo kwa sauti kuliko wote.

Mwishoni mpira ukamfikia kinyozi. Shemeji alikuwa peke yake mbele ya goli, mikono juu, anaomba. Hakumpa. Aliingia ndani kama kocha alivyotaka, akapiga kwa hasira zake zote, na mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Walishinda kwa goli lile lile moja.

Nyumbani mkewe akatenga beseni la maji ya moto yenye chumvi, kama kawaida baada ya mechi. "Mashoto, maji tayari!"

Wanaume wawili wakainuka pamoja.

Kijana aliona haya, akakaa upesi. "Samahani, shemeji. Leo wameniita hivyo mpaka nikazoea."

Afadhali angemtukana. Kinyozi alitumbukiza miguu kwenye beseni. Mkewe akachuchumaa mbele yake, akakunja mikono ya gauni.

"Unaumia wapi?"

"Kulia," akajibu.

Mkewe akaushika mguu wa kulia, ambao mechi nzima haukugusa mpira, akaanza kuukanda taratibu. Naye akamwacha aukande.