Kabati Nilizopaka kwa Wivu

Afadhali niseme mwenyewe, kwa sababu najua huko sokoni mshaanza kuipika na kuiongeza chumvi. Ndiyo, ni mimi. Mimi ambaye hukemea wamama wakichelewa kanisani, ndiye nilimkalisha mkwe mwenzangu jikoni kwangu karibu saa nzima bila tone la chai, halafu nikamwangukia na mlango wa kabati. Haya, chekeni mmalize, ndipo mnisikize.

Chanzo ni wivu, sitazunguka.

Kijana wangu Kamau alioa Njeri, msichana wa Kiamunyi, na mtoto wao wa kwanza akawa msichana, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, yaani mimi. Kwa hivyo huyo mtoto ni Wairimu, ni mimi kabisa, hata baba yake akimwita humwita "mami" (nami nikiwa karibu tunaitika wawili). Ana miaka saba. Sasa Kamau na Njeri wakapata kazi Naivasha kwenye shamba la maua, kazi ya kuamka kabla ya jogoo, wakaona mtoto akae kwa shosho mmoja, yaani nyanya yake, asome bila kuhangaishwa. Na mashosho tuko wawili, mimi hapa Subukia na Mama Njeri kule Kiamunyi.

Mimi sikuona cha kujadili. Jina langu likalelewe kwa nani tena na mimi niko hai?

Lakini Pasaka nilikuwa nimeenda kwa Mama Njeri, nikaona jikoni yake. Uuui! Kabati nyeupe kutoka ukuta huu mpaka ule, hakuna alama ya kidole, na Wairimu wangu amesimama hapo anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, ananiambia, "Shosho, ona, zinafunguka na kidole kimoja!" Mama Njeri akatabasamu tu, akanimiminia chai. Ile chai niliinywa kama dawa ya minyoo.

Zangu ni zile marehemu Baba Kamau alinunua mnadani hoteli fulani ya mjini ilipokuwa inabomolewa. Ni za fomeka, yaani ubao uliofunikwa ngozi ngumu ya plastiki inayoteleza, rangi ya kahawia inayojifanya mti. Ni nzee, pembe zimebanduka, lakini zilikuwa ziking'aa, kwa sababu nilikuwa na siri yangu: nikitoka kukamua ng'ombe, mafuta ya kukamulia yakiwa bado mkononi, nilikuwa napitisha kiganja kwenye milango. Kila siku, miaka mingi. Ng'ombe alipata yake na kabati ikapata yake.

Basi mwezi wa saba, Jumatano, Kamau akapiga simu. "Mami, Jumamosi tunakuja sote, na Mama Njeri, tukae chini tuamue mambo ya mtoto." Nikasema karibuni, nikakata simu, nikageuka nikatazama zile kabati, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona nikiwa nazo peke yangu. Nikajua huyo mama anakuja kukagua. Nikavaa gamubuti nikaenda dukani.

Nilitaka rangi nyeupe ya mafuta, ya bei ya chini kabisa. Mama wa duka akaniuliza, "Shosho, unapaka nini?"

"Kabati za fomeka."

"Basi chukua na msasa, uikwaruze mpaka iache kung'aa, halafu upake undercoat, rangi ya chini ya kushika. Rangi haikai mahali panateleza."

Mimi nikaona huyu anataka kuniuzia duka zima. Nikamwambia, "Nilipaka nyumba yangu ya kwanza kwa mikono hii wewe ukiwa mgongoni kwa mamako. Nipe rangi." Akanipa. Hata hakubishana, na mfanyabiashara akiacha kubishana na wewe, jua amekuona mjinga.

Alhamisi asubuhi nikaanza. Na kwa sababu mimi ni mtu safi, kabla ya kupaka nilipangusa milango yote ili rangi ikute pasafi. Nilipangusa na nini? Na kitambaa kile kile cha siku zote, kile cha mafuta ya kukamulia. (Njeri aliposikia hapa alitoka nje akacheke huko.)

Rangi ya kwanza ikawa inakimbia, inajikunja kama maziwa yaliyoganda. Nikasema labda ni nyepesi, nikaongeza ya pili, nzito. Ijumaa nikaongeza ya tatu. Subukia mwezi wa saba mnaijua, baridi na ukungu mpaka saa tano, rangi ikiguswa inabaki na alama ya kidole. Halafu kuku wangu mmoja akaingia jikoni, nikaogopa ataruka aweke manyoya kwenye kazi yangu, nikafunga milango yote ya kabati kwa nguvu, ikiwa mibichi, vikombe na sahani zote zikiwa ndani. Nikasimama mlangoni nikaangalia. Ilikuwa nyeupe kuliko ya Kiamunyi, nawaapia. Nikaimba.

Jumamosi wakafika. Mama Njeri amevaa suti ya bluu ya kanisani, soksi ndefu, mkoba mkononi. Nikasema hapana, hatukai sebuleni leo, tukae jikoni karibu na moto kuna joto. (Joto gani. Nilitaka aone.) Akaketi mbele ya kabati, akaangalia, akasema, "Ai, Mama Kamau, umefanya kazi." Mwili wangu wote ukashiba.

Sasa kwetu maneno ya maana hayaanzi kabla ya chai. Huwezi kuuliza mtu mambo ya mtoto koo lake likiwa kavu, ni matusi. Chai ilikuwa tayari, sufuria nzima, nikaenda kutoa vikombe. Nikavuta mlango. Mlango ukakataa. Nikavuta ule mwingine. Huo nao. Nikacheka kidogo, nikavuta wa chini. Milango ilikuwa imeshikana na fremu zake kama imepigwa misumari.

"Mami, kuna shida?" Kamau akauliza.

"Hakuna shida. Mlango mpya huwa mgumu."

"Shosho," Wairimu akasema, na mtoto hajui kunyamaza, "kule Kiamunyi zinafunguka na kidole kimoja."

"Nyamaza wewe!" Nikamfokea. Akajificha nyuma ya Mama Njeri, na huyo mama akamfunika na mkono wake, nikaona huo mkono, na ndipo akili yangu iliruka kabisa.

Njeri akasema polepole, "Mama, wacha nikimbie kwa jirani niazime vikombe vitano."

"Kuazima vikombe? Mkwe akiwa amekaa? Keti!"

Nikachukua kisu nikapitisha kwenye ufa, kikakwama. Kamau akainuka kunisaidia, nikamsukuma akae. Nikapandisha mguu mmoja nikaukanyagisha kabati ya chini (na sketi hii, na umri huu), nikashika kishikio kwa mikono miwili, nikasema Mungu nisaidie, nikavuta.

Mungu alisaidia kuliko nilivyoomba. Kwanza rangi ikabanduka yote, shuka nzima nyeupe, kama ule utando wa maziwa yaliyochemka, ikanifunika mikono. Halafu mlango ukatoka na bawaba zake. Halafu vikombe vikaanza kushuka kimoja kimoja, nami nikaenda kinyumenyume na mlango kifuani mpaka nikaketi juu ya Mama Njeri, tukaanguka wote na kiti. Nilipoinuka, ile shuka ya rangi, mbichi upande mmoja na mafuta ya ng'ombe upande wa pili, ilikuwa imelala juu ya suti ya bluu kutoka kifuani mpaka magotini.

Kikombe cha mwisho kikadondoka.

Nikalia. Nasema ukweli, mimi sikulia hata kwenye matanga ya Baba Kamau mbele ya watu, nikalia hapo sakafuni nikasema, "Haya, mchukueni. Mchukue mtoto, una kabati, una kila kitu."

Mama Njeri alikuwa anabandua ile rangi kwenye suti yake kama mtu anayemenya kiazi. Akanusa vidole. Akaniangalia. "Mama Kamau, ulipaka juu ya mafuta ya kukamulia?"

"Ndiyo."

"Hukukwaruza na msasa?"

"Hapana."

"Zangu ni fomeka kama hizi," akasema. "Nzee kushinda hizi. Nilikwaruza wiki nzima mpaka kucha zikaisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu mtoto ni Wairimu. Kila mtu akimwita, anakuita wewe. Wewe ulipewa jina. Mimi nilijitafutia kabati."

Miaka saba sikuwahi kufikiri kwamba huyo mama akisikia jina langu linaitwa nyumbani kwake, linamchoma.

Tulikunywa chai kwa zamu, na vikombe viwili vilivyopona, yeye akanywa kwanza. Halafu tukaamua. Mtoto atasoma Kiamunyi, kwa sababu shule iko karibu na huko hakuna matope ya kuvuka asubuhi, na Ijumaa ataletwa kwangu mpaka Jumapili, na likizo zote. Ni mimi nilisema hivyo, si Kamau. Nilisema haraka kabla roho haijabadilika. Na Wairimu nilimwita, nikamwambia shosho alikosea kukufokea, akasema, "Sawa, lakini ulianguka vibaya."

Suti nilimlipa Mama Njeri kwa viazi na jogoo, kwa sababu haikutakata. Jumatatu akarudi na msasa kwenye mkoba, tukazikwaruza zile kabati pamoja tukiwa tumefunga leso kichwani, na mama wa duka akaniuzia undercoat bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa neno tosha.

Sasa msidhani wivu umeisha. Kila Jumapili nikimvalisha sweta arudi kwa yule mama, bado unanichoma hapa kifuani, na akiniambia "shosho wa Kiamunyi amenipikia chapati za duara kabisa" huwa kwanza nahesabu vidole. Lakini nimeapa: wivu ukinipanda tena nitaketi nao kwenye kiti mpaka utulie. Dukani sitaenda, na mkwe sitamwalika kabla haujashuka.