Kitoweo cha Katikati ya Sinia

Siku hizi mtu akinianzia habari ya vijana wanavyoharibiwa na chipsi, mimi huinuka nikaenda zangu. Si kwamba chipsi nazipenda. Mafuta yale meusi yanayokaangiwa karibu na shule ya binti yangu nimeyaona kwa macho yangu, na soseji zile nyekundu sijui zimetengenezwa kwa kitu gani. Lakini maneno mepesi yamenichosha. Katika kundi letu la wazazi kwenye simu, kila asubuhi kuna mtu wa kutuma video ya daktari anayefoka juu ya soda. Sote tunajibu kwa dua na vidole gumba, kisha tunarudi jikoni tumeridhika na nafsi zetu. Mimi nilikuwa mmojawapo, tena mwenye kelele kuliko wote.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu alipoanguka shuleni, mbele ya wenzake, akiwa amesimama tu. Mwalimu alinipigia simu nikiwa nakuna nazi. Nilitoka na buibui nimelivaa ndani nje, nikakatiza vichochoro hadi hospitali, na kila aliyenisalimia njiani sikumjibu. Nilimkuta amelazwa, midomo imekauka, viganja vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga. Muuguzi alimvuta kope la chini akanionyesha ndani yake. Hapakuwa na wekundu wowote.

Kipimo kilipotoka akaniambia damu ya mtoto ni kidogo, kidogo ya kutisha. Alimpa vidonge, akamwambia ale samaki, maini, mbaazi na mboga za majani, na aache kushushia chakula kwa chai ya rangi kama tufanyavyo sote. Kisha akanigeukia mimi. Arudi baada ya mwezi apimwe tena, na kama damu haijapanda itabidi apelekwe Mombasa, na masomo yangoje.

Neno hilo la masomo kungoja ndilo lililonitisha. Binti yangu anapenda hesabu na kemia, na amekwisha kutwambia anataka kusomea dawa. Mimi najua maana ya kungoja huku kwetu. Msichana akishakaa nyumbani muhula mzima, watu huanza kuuliza anafanya nini, na jibu likikosekana posa huja, na posa ikija kila shangazi hugeuka mshauri. Mimi mwenyewe niliambiwa ningoje kidogo, na sikurudi tena darasani. Kwa hiyo niliogopa maradhi, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kumwona anaozwa kwa sababu ya kukosa damu.

Na lililonikera hasa lilikuwa lile neno samaki. Mume wangu ni mvuvi! Nyumba yetu iko Wiyoni, na paka wa mtaa mzima wanaijua. Mtu angeniambia kwangu hamna sukari, au gesi imekwisha, ningekubali. Lakini kuniambia mtoto wa nyumba ile apewe samaki ni kunitukana. Basi nikajipa jibu mwenyewe hapohapo kitandani pa mgonjwa: mtoto hali nyumbani, anashiba uchafu wa barabarani.

Kesho yake nikaenda kwa mama anayekaanga karibu na lango la shule. Sikumsalimu. Nilimkuta anageuza viazi kwenye karai, nikamwambia mbele ya wateja wake, "Wewe ndiye unayetuulia watoto."

Akaweka kijiko chini. "Bi, mwanao ni yupi?"

Nikamwelezea: mrefu, mwenye miwani, mkoba wa buluu.

"Hoyo?" akasema. "Hoyo hanunui chipsi, Bi. Hoyo hununua samaki. Akipata senti huja akanambia nimpe kipande, akala papa hapa amesimama. Kisha huomba sabuni akaosha mikono asinuke."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamtazama usoni nitafute kicheko, nisikione. Alikuwa ananionea huruma, na hilo lilinitia hasira kuliko kama angenicheka. Binti wa mvuvi ananunua samaki njiani, anamla kwa kujificha, na ananawa harufu asije akagunduliwa kwao! Nikaondoka bila kuaga, nikiwa na maneno mengi na sina wa kumwambia.

Sikumuuliza binti yangu kama nyumbani hashibi. Nilijua angesema hapana, kwa adabu. Nikangoja Ijumaa, siku ambayo sote tunakuwapo kwa chakula cha mchana.

Ijumaa wanaume wakirudi msikitini hula ukumbini kwa sinia lao. Sisi hula ndani: mama mkwe wangu, mimi, binti yangu na wanangu wawili wa kiume ambao bado ni wadogo. Siku hiyo palikuwa na wali wa nazi na kolekole wa kupaka, mkubwa, amewekwa katikati. Kwetu kila mtu hula wali wa upande wake, na cha katikati hakiguswi mpaka mkubwa amege na kumpa kila mtu mbele yake. Mkubwa wetu ni mama mkwe. Ni mwanamke ninayemheshimu, aliyekaa nami usiku na mchana nilipojifungua. Tangu niolewe nimekula chini ya mkono wake, na sikuwahi kuutazama unakwenda wapi. Siku hiyo niliutazama.

Mnofu wa mgongoni ulikwenda kwa mwanangu mkubwa, kwa kuwa anakua. Uliofuata ukaenda kwa mdogo, kwa kuwa juzi alikuwa na kikohozi. Kipande kingine kizuri akakitenga kipelekwe ukumbini kwa wanaume, juu ya samaki wao waliokuwa nao tayari. Mimi nikapata changu. Yeye mwenyewe akachukua rojo na achari, kama kawaida yake. Kwa binti yangu ukafika mkia.

Naye akaupokea, akasema "ahsante nyanya", akaufyonza. Wavulana walipomaliza waliinua tu macho wakaongezwa. Yeye macho hakuyainua. Alivuta wali uliolowa rojo, akala kidogo, kisha akainuka kwenda kuwaletea wadogo zake maji. Kila siku tulikuwa tukikaa naye kwenye sinia moja, na kwa sababu sinia ni moja tukadhani na chakula ni kimoja.

Aliporudi nikauliza, "Mama, mbona yeye umempa mkia?"

Mama mkwe hakukasirika. Alinijibu kama anayemweleza mtoto. "Mwana wa kike hafunzwi kujaza mkono. Kesho takwenda kwa watu, waseme hakulelewa. Mimi namtengeneza."

Hapo nikapandwa na hasira. "Kwa watu gani, mama? Hao watu wako wapi? Mbona sikuwaona hospitali? Mtoto ana mwalimu, ana muuguzi, ana vidonge, na hapa kwake tunamfunza njaa tukaiita adabu! Hawa wanakua, sawa. Na yeye anafanya nini, anapungua?"

Sauti yangu ilifika ukumbini, maana mazungumzo ya wanaume yalikatika. Sikujali. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nikapitisha mkono mbele ya mama mkwe, nikamega tumbo la kolekole lenye mafuta, nikaliweka mbele ya binti yangu. Mwanangu mdogo aliacha kutafuna.

Binti yangu akalitazama lile pande. Kisha vidole vyake vikaanza kazi, haraka haraka, kama vya mtu anayesuka ukili bila kuangalia. Akalimega vipande, kimoja akakisogeza kwa ndugu yake, kingine kwa yule mwingine, na kikubwa kuliko vyote akamsukumia nyanya yake. Mbele yake ikabaki ngozi.

"Kula wewe!" nikamfokea.

"Na wewe mama, mbona huli?"

Nikatazama mbele yangu. Palikuwa na wali mtupu. Kipande nilichopewa kilikuwa mbele ya mwanangu mdogo, nusu yake imeshaliwa, na wallahi sikumbuki nilikiweka saa ngapi.

"Kila siku wafanya hivyo," akasema polepole. "Mimi nikadhani ndivyo mwanamke alavyo."

Hasira niliyokuja nayo kutoka kwa mama wa chipsi, kutoka hospitali, kutoka kwenye kundi la wazazi, yote ilikuwa imejaa kifuani na sasa haina mlango wa kutokea. Basi nikanyoosha mkono katikati tena. Nikamega kidogo katika tumbo lililobaki, nikatia kinywani mwangu mwenyewe, mbele ya mama mkwe na mbele ya wanangu wa kiume. Lilikuwa laini, lina nazi na ndimu. Nikalitafuna taratibu, kwa makusudi, huku binti yangu ananitazama. Nilipomeza, ndipo naye akanyoosha mkono wake. Akamega. Akala. Akamega tena.

Mama mkwe alikuwa ameinamia upande wake, anachora wali kwa kidole, na kile kipande alichosukumiwa na mjukuu wake hakukigusa. Nilijiandaa kwa maneno makali, na mengine ya kujibia nilikuwa nimeshayapanga.

Akainua kichwa, akatazama sinia, kisha akanitazama mimi.

"Basi nami nimegeeni," akasema. "Hapo pa tumboni. Na musinipe mwiba."