Taa za Gari Letu

Nilipokuwa mtoto, nilikwangua taa za gari letu kwa kijiko cha uji, nikitaka kuzibandua. Nilikumbuka hayo juzi, nilipoona kwenye simu gari la mashindano ya Marekani kwa karibu. Taa zake ni stika tu, kampuni inazibandika ili lifanane na yale inayotuuzia sisi.

Jumapili ile sebule yetu ya Thornton Heath, London, ilinukia mandazi na makoti yaliyolowa mvua. Magari ya mashindano hayo yalinguruma kwenye runinga mpaka nikasahau kutafuna. Baba alishangilia kampuni iliyotengeneza gari letu. Mjomba, ambaye hakuwa na hata baiskeli na kila Jumapili Mama alimrudisha kwake kwa gari letu alipokuwa akienda zamu hospitalini, alishabikia kampuni pinzani. Ikashinda.

"Shemeji, gari lako hata taa ni stika!" akacheka.

Leo najua hata taa za kampuni aliyoishabikia Mjomba zilikuwa stika, mjanja yule. Siku ile nilidhani gari la kwenye runinga na letu ni kitu kimoja, nikatoka na kijiko kuokoa heshima ya Baba.

Mama akanikuta, yuko na sare yake ya unesi. Nilipomweleza aliyosema Mjomba, aliingia garini, akawasha taa. Mwanga ukanijaa usoni, kila tone la mvua likang'aa. Zilikuwa taa za kweli!

Akashusha kioo.

"Umeziona? Haya, toka njiani, wagonjwa wananisubiri. Na mwambie mjomba wako leo anapanda basi."