Omena Si Samaki

Bado nina hasira, na nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Nilizaliwa kisiwa cha Takawiri nikaolewa bara, Suna, na mradi wa utafiti wa ziwa uliponiajiri niwe mkalimani kisiwani kwetu, nilijiona nimefika. Kiongozi wa mradi, bwana mmoja mpole kutoka Nairobi, alinieleza kazi vizuri. Zamani, alisema, wakubwa walihesabu samaki wa aina moja tu, mbuta au ngege, kisha wakaamua. Sasa wangechora ziwa zima: nani anamla nani, kuanzia vijidudu hadi ndege hadi mtu. Kila kiumbe doti, kila mlo mstari. Kwenye mistari hiyo wangesoma viashiria vya afya ya ziwa, wajue ghuba ipi ifungwe ipumzike. Nililipenda wazo hilo. Bado nalipenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nyumba ya kwanza tuliyohoji ilikuwa ya mama yangu. Amekausha omena, vile vidagaa vya ziwani, kwenye ghuba yetu tangu kabla sijazaliwa, na ndizo zilizonisomesha. Yule bwana akamuuliza wiki ile walikuwa wamekula samaki gani.

"Samaki hakuna," mama akasema. "Siku hizi samaki imepotea kabisa."

Aliyasema hayo huku anakoroga sufuria ya omena. Nami nikaandika sifuri. Kwetu samaki ni mbuta, ni ngege, kitu chenye kichwa cha kumwekea mgeni. Omena ni omena. Nyumba zote tulizopita walijibu vilevile na sikushtuka hata mara moja, mimi niliyeajiriwa kushtuka. Lakini yule bwana je? Siku ile alikaa akala zile omena kwa ugali, akaomba aongezwe.

Miezi ikapita, tukaitwa ufuoni kuonyeshwa mchoro. Waliutundika ukutani kwenye banda la kupimia samaki, nao ulikuwa mzuri kweli. Kutoka doti ya omena mistari ilikwenda kwa mbuta, kwa ndege mnandi, kwa fisi maji. Kwa watu haukwenda hata mmoja. Kwa hiyo, akasema yule bwana, viashiria vinaonyesha kwamba uvuvi wa omena ukifungwa ghubani kwetu mwaka mzima, ziwa litapumua na hakuna nyumba itakayoguswa.

Nilisimama. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikula omena kwa mama. Akanijibu kwa upole uleule kwamba fomu zinasema samaki hakuna, na sahihi iliyo chini ni yangu. Nikamwambia basi arekebishe. Akasema uamuzi umeshapitishwa, marekebisho yatangoja duru ijayo. Upole wake ulinichemsha damu kuliko tusi. Nikapandisha sauti, nikamwita mwongo mbele ya watu wote.

Mama akadhani nitafukuzwa kazi. Akainuka kwenye benchi la wanawake, akafunga leso yake vizuri, akamwambia yule bwana kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Usigombeze huyu mtoto. Makosa ni yangu. Mimi ndio sikujua omena ni samaki."

Watu wachache wakacheka. Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa kalamu, akayaandika maneno ya mama kama yalivyo.