Saa ya Mchana ya Daktari Ruqayya

Ruqayya, mtoto wa kaka yangu Latif, ni daktari wa watoto na anafundisha madaktari, lakini ukimpeleka sokoni anakutia hasara. Akitajiwa bei, anatoa. Tangu mdogo alikuwa hivyo: ukimtuma nyanya anarudi na zilizopondeka, eti muuzaji alikuwa na huzuni. Baba yake, mwalimu wa madrasa hapa Kamwokya, aliuita upole. Mimi niliuita ugonjwa, na nilidhani akisoma atapona.

Alisoma. Hakupona. Chuo cha udaktari kilimpa kazi ya kufundisha, na kila aliyekuja na mzigo alimkuta ameshanyoosha mikono. Kipindi cha mwenzake aliyesafiri, wake. Tafiti za wanafunzi waliokosa msimamizi, zake. Mumewe Umar, karani wa ghala kule Port Bell, aliwahi kuniambia, "Shangazi, mimi nimeoa idara nzima."

Kisha akazaliwa Jannat. Likizo ya uzazi ikaisha upesi, na siku aliyorudi kazini Ruqayya alikuta kazi zake zote zimewekwa zinamsubiri, hakuna aliyezigusa. Nyumba yao iko Luzira, mbali. Kibanda changu cha masufuria kiko Kamwokya, karibu na chuo. Tukakubaliana Jannat ashinde kwangu.

Mwanzoni mama yake alikuja mbio kila mchana, blauzi imelowa kifuani, ananyonyesha nyuma ya masufuria huku simu inamwita. Halafu akaanza kukosa siku. Halafu akaja siku moja, blauzi kavu. Mtoto alivuta, akaachia, akalia kwa hasira.

"Maziwa yanakata, Shangazi," alisema. "Asubuhi nimesimama wodini nawaambia akina mama wampe mtoto ziwa tu mpaka miezi sita. Wanafunzi wanaandika. Na wangu huyu hapa."

"Mpe ya kopo. Hatakufa."

"Najua hatakufa. Mimi ndiye nimechoka. Muhula ukiisha naacha kufundisha. Nitafungua kliniki."

Nilifurahi. Kliniki ni biashara, na biashara naielewa. Nikaanza kuwaza nani ana chumba cha kupangisha. Lakini palepale akapita mwanafunzi wake mmoja, Shakib, kununua kikombe. Alipomwona mwalimu wake akasahau kikombe, akamuuliza juu ya mtoto anayepumua kwa shida. Ruqayya akamfunua Jannat kifua. "Tazama hapa chini ya mbavu. Huyu mzima, pametulia. Mgonjwa, panabonyea ndani kila akivuta pumzi. Usiangalie mashine kwanza, angalia hapa." Uso wake ulifunguka, uchovu wote ukaondoka. Shakib alipokwenda zake, ukajifunga tena.

Hapo nikaona anataka kuuza kwa bei ya kutupa kitu anachokipenda, na hata hajapatana bei.

"Mkuu wenu umeongea naye?"

"Profesa Oyet? Shangazi, yule alinifundisha mimi mwenyewe. Ndiye aliyenionyesha namna ya kumshika mtoto mchanga. Mtu kama huyo utamwambiaje hapana?"

"Sijasema umwambie hapana. Nimeuliza kama mmepatana."

Kumbe alijaribu mara moja. Profesa akamwachia mchana wa Jumanne, lakini kazi ya mchana huo akamtwika mwenzake wa idara, Daktari Alanyo. Tangu hapo Alanyo hamsalimii, na Jumanne yenyewe Ruqayya aliirudisha kwa aibu.

Moreen, jirani yangu wa kibanda, Mkenya asiyejua kunyamaza, akadakia. "Nyabo, mama yangu, na sisi tulikuwa hivyo hivyo! Mteja anakuja kwangu, anasema shangazi yako amempunguzia. Anaenda kwake, anasema mimi nimempunguzia. Tukashindana kushusha bei mpaka tukalala njaa, na salamu hatupeani."

"Mkafanyaje?"

"Tukanywa chai, tukapanga bei. Hakuna kushuka bila mwenzako kujua. Wateja walitutukana, halafu wakanunua."

Ruqayya alikuwa anambembeleza mtoto, lakini nilimwona anafikiri.

Kesho yake alimtafuta Alanyo amwombe radhi. Ofisini hayupo. Akamkuta kwenye maegesho, ndani ya gari lake, leso imetandwa dirishani. Akagonga. Mlango ukafunguka kidogo: Alanyo ana pampu ya maziwa kifuani, chupa mkononi, macho makali.

"Ingia au ondoka, lakini funga mlango! Wanafunzi wangu wako pale."

Akaingia. Wakatazamana. Muda wote ule walikuwa wananyang'anyana saa ileile, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye nafasi. Walicheka mpaka chupa ikamwagika, na Alanyo akalaani kwa Kiacholi, maana hayo maziwa alikuwa ameyasotea.

Wakamwongeza Daktari Wanyama, mkongwe wa idara, ambaye mkewe ni mgonjwa nyumbani Mbuya na mchana lazima alishwe dawa. Wakaapiana: hakuna atakayepokea saa iliyochukuliwa kwa mwenzake. Wataingia kwa Profesa pamoja.

Nilimwelekeza Ruqayya. "Anzia juu. Omba siku nzima, akikukatia utabaki na saa."

"Hapana, Shangazi. Tutaomba tunachohitaji, basi."

Nikajua wamekwisha.

Waliomba saa ya mchana isiyo na kipindi kwa mtu yeyote, chumba chenye mlango, na anayetoka likizo asikute kazi zimerundikwa zinamsubiri. Alanyo ndiye aliyenisimulia. Profesa aliwasikiliza, akasema, "Mimi nilipoanza, hakukuwa na saa ya mchana. Tulikula tukitembea."

"Na bado unatembea, Profesa," Alanyo akamjibu.

"Nikikataa?"

Ruqayya wetu, yule wa nyanya zilizopondeka, akasema, "Basi utafundisha peke yako, mwalimu wangu. Na mimi sitaki kuacha. Kazi ya kufundisha naipenda, ndiyo maana nimekuja."

Mzee akatoa saa. Akatoa chumba, stoo ya midoli ya mafunzo. Hilo la kazi zinazorundikwa alisema atalitazama, na mpaka leo analitazama. Lakini maombi mawili kati ya matatu, bila kuanzia juu? Mimi nisingeyapata.

Kliniki haikufunguliwa. Mchana Moreen ananishikia kibanda, mimi nabeba Jannat mpaka chuoni. Maziwa hayakurudi yote, ya kopo tunaongezea, na mtoto amenenepa hivyo hivyo. Wanyama yuko Mbuya saa hiyo na mkewe. Ruqayya akimaliza kunyonyesha anarudi wodini, na sijamsikia tena akiutaja mwisho wa muhula.

Namshukuru Alanyo aliyefungua mlango wa gari ambao angeweza kuuacha umefungwa. Namshukuru Moreen na mdomo wake. Hata Profesa namshukuru, ingawa ana deni la ombi la tatu.

Juzi niliwapelekea birika la chai, lile kubwa. Alanyo akaligeuza-geuza, akatafuta mkoba wake.

"Shangazi, bei gani?"

"Chukueni."

Ruqayya akashtuka, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kana kwamba ananipima homa.

"Likitoboka," nikamwambia, "la pili mtanunua."